Mtoto Afikapo Miezi Sita

Maneno ya mazungumzo kwa wazazi wa mashambani na wa mijini

Mtoto anapozaliwa, watu wote wa nyumbani humwangalia kwa bidii. Bibi yake huja kumwogesha, majirani huleta uji na kuni, na mama hupumzishwa kazi za shamba kwa siku kadha wa kadha. Kila mtoto anapolia, mtu huinuka. Lakini miezi mitano au sita ikiisha kupita, mambo hugeuka. Mtoto amenenepa, shingo yake imekaza, anacheka na kila amwonaye. Mama amekwisha kurudi shambani, sokoni, au kazini mjini. Watu husema, "Huyu sasa hana taabu," na macho yao hugeukia mambo mengine.

Kumbe huo ndio wakati hasa wa kumwangalia. Wako watoto wengi waliozaliwa na uzito mzuri, ambao vitabu vyao vya kliniki vilionyesha mstari unaopanda vema kwa muda wa miezi mitano ya kwanza, kisha baada ya hapo wakaanza kubaki nyuma. Mstari hulala, halafu huteremka. Watoto hao hawakurogwa, wala hawakuwa dhaifu tangu mwanzo. Jambo lililotokea ni kwamba akiba waliyopewa na mama zao ilikwisha, na watu wa nyumbani hawakujua kwamba imekwisha.

AKIBA TATU

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Ni kweli, lakini akiba ya mtoto, ijapokuwa haiozi, huisha. Mtoto mchanga huja duniani kama msafiri aliyefungiwa masurufu na mama yake, na masurufu hayo ni ya namna tatu.

Akiba ya kwanza ni madini ya chuma. Kazi ya chuma ni kuiwezesha damu kuchukua hewa safi na kuipeleka katika kila sehemu ya mwili, hata kwenye ubongo. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake huwa na chuma cha kumtosha karibu miezi sita. Maziwa ya mama, ingawa ni chakula bora kuliko vyote kwa mtoto, yana chuma kidogo tu. Kwa hiyo akiba ile ikiisha, haina budi kujazwa kwa chakula. Mtoto aliyepungukiwa na chuma hulegea, hapendi kucheza, na huchelewa kujifunza. Tena, jambo la kuhuzunisha ni kwamba upungufu uliodumu siku nyingi katika umri huu waweza kuacha alama katika akili yake hata baada ya damu kutengenezwa kwa dawa.

Akiba ya pili ni kinga ya maradhi. Mama aliyepata kuugua maradhi fulani, au aliyechanjwa, humpa mtoto sehemu ya kinga yake kabla hajazaliwa. Kinga hiyo hupungua mwezi baada ya mwezi. Maziwa ya mama huendelea kumsaidia mtoto, walakini katika nusu ya pili ya mwaka wa kwanza malaria na surua humpata kwa urahisi kuliko alipokuwa mchanga.

Akiba ya tatu ni maziwa yenyewe. Katika miezi sita ya kwanza maziwa ya mama peke yake yatosha, wala mtoto hahitaji hata maji. Shauri hilo lilikubaliwa na Mkutano Mkuu wa Afya wa Dunia mwaka 2001, na ndilo linalofuatwa na kliniki za Kenya. Baada ya miezi sita maziwa hayageuki kuwa maji matupu, kama wadhaniavyo watu wengine. Maziwa ni yale yale; mtoto ndiye aliyekua, na kile kilichomshibisha jana hakimtoshi leo. Yafaa aendelee kunyonya mpaka afikishe miaka 2 au zaidi, lakini kando ya maziwa sasa apewe chakula.

UJI USIWE MWEPESI

Mtoto mwenyewe huonyesha kwamba yu tayari. Huweza kukaa akishikiliwa, kichwa chake hakiyumbi, hutazama kwa hamu mikono ya watu wanaokula, na akitiwa kitu mdomoni hakisukumi nje kwa ulimi kama zamani.

Hapo mama wengi huanza na uji, na uji si chakula kibaya. Kosa ni kuufanya mwepesi kama maji, ili mtoto aunywe upesi katika kikombe au chupa. Tumbo la mtoto wa kilo 8 haliwezi kupokea zaidi ya kikombe kimoja hivi kwa mara moja. Likijazwa maji yenye unga kidogo, mtoto hushiba bila kupata nguvu. Atalala, mama atafurahi, na kumbe mwili una njaa. Kipimo cha uji unaofaa ni rahisi: uchotwe kwa kijiko, kisha kijiko kiinamishwe. Uji ukitiririka, ni mwepesi mno. Ukikaa juu ya kijiko na kuanguka polepole, unafaa.

Tena uji wa mahindi peke yake hautoshi, hata ukiwa mzito. Mwaka 1933 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ambayo siku hizi huitwa Ghana, aliandika habari za ugonjwa aliouona kwa watoto walioachishwa maziwa na kulishwa uji wa mahindi. Watoto hao walivimba miguu, ngozi ikachunika, na nywele zikabadilika rangi. Mwaka 1935 aliutangaza ugonjwa huo kwa jina ulilopewa na wenyeji wenyewe katika lugha ya Kiga, yaani kwashiorkor, ugonjwa unaompata mtoto nduguye mdogo anapozaliwa. Ugonjwa huo huonekana zaidi kwa watoto waliopita mwaka mmoja, lakini desturi ya kumlisha mtoto unga na maji tu huanzia katika mwezi huu wa sita, na ni katika mwezi huu yafaa ikatazwe.

Kwa hiyo chungu cha mtoto kitiwe vitu vya namna mbalimbali. Uji wa wimbi, wa mtama au wa mahindi waweza kutiwa maziwa yaliyochemshwa, au njugu zilizokaangwa na kusagwa zikawa laini kabisa. Viazi vitamu, ndizi au malenge yapondwe pamoja na maharagwe, kunde au ndengu zilizopikwa mpaka zikaiva sana na kutolewa maganda. Mchicha na sukuma wiki vikatwe vidogo vidogo na kupondwa humo humo. Vitu vyenye chuma kinachopokewa upesi na mwili ni maini, nyama na samaki. Mama asiyeweza kununua nyama aweza kununua omena kidogo, akawasafisha, akawakausha vizuri na kuwasaga wakawa unga, na kila siku akatia kijiko kimoja katika chakula cha mtoto. Papai, embe na chungwa huusaidia mwili kukipokea chuma kilichomo katika mboga na maharagwe. Chai hufanya kinyume chake: hukifunga chuma kisipokewe, kwa hiyo haifai kabisa kumpa mtoto, ijapokuwa ina maziwa na sukari. Asali nayo isitolewe mpaka mtoto atimize mwaka mmoja, maana yaweza kuwa na vijidudu vyenye sumu ambavyo tumbo la mtoto haliwezi kuvishinda.

Wako wazee wanaokataza yai, wakihofu kwamba mtoto atachelewa kusema. Hofu hiyo haina msingi. Yai lililoiva vizuri ni chakula cha kujenga mwili na ubongo, na katika nyumba zenye kuku ni hasara kubwa kuyauza mayai yote sokoni na kumwacha mtoto na uji mtupu.

Katika siku za kwanza vijiko 2 au 3 vya chakula vyatosha kwa mlo mmoja, mara 2 au 3 kwa siku. Kiasi kiongezwe kidogo kidogo, na mtoto akikaribia miezi 9 aweze kula nusu kikombe kila mlo. Tangu miezi 9 alishwe mara 3 au 4, na katikati apewe kitu kidogo kama ndizi au kipande cha parachichi. Haba na haba hujaza kibaba.

Namna ya kumlisha ni jambo kubwa kama chakula chenyewe. Iko desturi ya kumlaza mtoto, kumshika pua na kumtia uji kinywani kwa mkono. Desturi hiyo ni ya hatari, kwa kuwa uji waweza kuingia mapafuni, tena humfundisha mtoto kuogopa chakula. Mama amkalishe mtoto mbele yake, amtazame usoni, amngojee afungue kinywa, na amwambie maneno mazuri. Mtoto akigeuza kichwa, mama apumzike kidogo kisha ajaribu tena. Mtoto ambaye mara ya kwanza ametema mchicha hajaukataa; bado anajifunza ladha yake, na pengine atautema mara nyingi kabla ya kuupenda.

MKEKA NA MAHALI PA KUJIPINDUA

Mwili wa mtoto nao una masomo yake katika miezi hii. Hujifunza kujipindua, kukaa, kutambaa, na kushika vitu kwa mkono mmoja na kuvihamisha mkono wa pili. Masomo haya hayaji yenyewe tu kama meno. Mtoto hujifunza zaidi lile analopewa nafasi ya kulifanya.

Jambo hili lilionekana wazi hapa hapa Kenya. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Charles Super, alikaa Kokwet, kijiji cha wakulima wa Kipsigis katika nyanda za juu za magharibi, na mwaka 1976 akaandika yale aliyoyaona. Mama wa Kokwet waliwafundisha watoto wao kukaa kwa makusudi. Mtoto alipofika mwezi wa tano au wa sita, alikalishwa katika kishimo kidogo kilichochimbwa ardhini, au katikati ya mablanketi yaliyokunjwa ili yauegemeze mgongo. Alifanyiwa hivyo kila siku mpaka akaweza kukaa peke yake. Watoto wale walikaa karibu mwezi mmoja mbele ya watoto wa Marekani. Lakini katika kujipindua na kutambaa hawakuwatangulia, maana hawakuzoezwa mambo hayo, na walilazwa chini mara chache. Kwa hiyo ile sifa iliyovuma zamani, kwamba watoto wa Afrika huwahi kwa sababu ya kuzaliwa kwao tu, haikuwa na msingi mzuri. Mama zao ndio waliokuwa walimu.

Wazazi wa leo waweza kuichukua hekima hiyo ya Kokwet na kuiongezea. Mtoto akalishwe kila siku kwa muda mfupi, mito au nguo zikimzunguka. Tena alazwe kifudifudi juu ya mkeka safi akiwa macho, mtu akimwangalia, ili anyanyue kichwa, asukume kwa mikono, na ajaribu kujongea. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yaliyotolewa mwaka 2019, lilisema kwamba mtoto ambaye bado hajaanza kutambaa alazwe hivyo angalau dakika 30 kwa siku, kwa vipindi vifupi vifupi, na kwamba asifungwe mahali pamoja, hata mgongoni, kupita saa moja kwa mfululizo. Kumbeba mtoto mgongoni ni jambo jema. Humpa joto, humtuliza, na humwezesha kuona kazi za watu wakubwa. Lakini mama anayepalilia tangu asubuhi mpaka adhuhuri yafaa amfungue mtoto mara kwa mara, amtandikie kanga kivulini, na amwache anyoshe viungo vyake. Wakati wa kulala usingizi, mtoto alazwe chali.

Hapana haja ya kuwashindanisha watoto wa majirani. Uchunguzi uliofanywa katika nchi za Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na kutangazwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba watoto wenye afya huanza kukaa peke yao wakati wowote kati ya karibu miezi 4 na miezi 9. Wengine hutambaa mapema, wengine huchelewa, na wachache hawatambai kabisa kwa mikono na magoti bali husimama moja kwa moja. Lakini mtoto wa miezi 6 ambaye kichwa chake bado huanguka, au asiyenyosha mkono kushika kitu, au wa miezi 9 asiyeweza kukaa peke yake, apelekwe kliniki. Kumpeleka mapema si aibu. Aibu ni kumficha ndani mpaka wakati wa kumsaidia upite.

MTOTO AULIZAYE AJIBIWE

Karibu na mwezi wa sita au wa saba mtoto huanza kutamka sauti zilizounganishwa, "ba-ba-ba", "ma-ma-ma", "da-da-da". Baba hufurahi akidhani ameitwa. Kwa kweli mtoto bado hajui maana, lakini amekwisha kujua jambo kubwa zaidi: kwamba akitoa sauti kisha akanyamaza, mtu mwingine hutoa sauti yake. Hiyo ndiyo njia ya mazungumzo yote. Mtoto anayejibiwa hujaribu tena. Mtoto ambaye kila siku husema na ukuta, mwishowe hupunguza kusema.

Kwa hiyo mama akichambua mboga amwambie mtoto jina la mboga. Akimwogesha amtajie mkono, mguu na pua. Mtoto akitoa sauti, mama aifuatishe, kisha angoje. Lugha yoyote ya nyumbani inafaa, iwe ya kabila la wazazi au Kiswahili. Nyimbo ambazo bibi alimwimbia mama nazo ni shule. Mtoto asiyegeuka akiitwa kwa nyuma, au ambaye sauti zake zinapungua badala ya kuongezeka, apelekwe akaangaliwe masikio, maana mtoto kiziwi akitambuliwa mapema hufundishwa njia nyingine za kusema na watu.

Vitu vya kuchezea havihitaji fedha. Kijiko cha mti, kikombe cha plastiki, kibuyu kisichovunjika, gunzi kubwa lililosafishwa, vyote ni vitabu kwa mtoto wa umri huu. Huvigonga, huvitupa, huvitia kinywani, naye hujifunza uzito, sauti na umbo. Tena uko mchezo wa kujifunika uso kwa kanga na kujifunua ghafula. Mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, aliyewachunguza watoto wake mwenyewe na kutoa kitabu mwaka 1937, alionyesha kwamba mtoto aliye chini ya miezi 8 hivi, kitu kikifunikwa mbele yake, hakitafuti, kana kwamba hakiko tena duniani. Baadaye hujifunza kukitafuta. Kwa hiyo mama anayejificha nyuma ya kanga na kutokea tena anamfundisha mtoto somo kubwa: kwamba mtu asiyeonekana bado yupo, na atarudi.

Wakati uo huo mtoto aliyekuwa akicheka na kila mtu huanza kuwakataa wageni na kumlilia mama yake akiondoka. Watu husema amedekezwa. Sivyo. Mwaka 1954 na 1955 mwanamke mmoja mtaalamu, Mary Ainsworth, aliwazuru watu wa nyumba 26 katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, akitazama jinsi Waganda walivyowalea watoto wao. Aliona kwamba mtoto aliyeanza kutambaa humwacha mama, huenda kuchungulia kitu, kisha hurudi kwake, halafu huenda tena, kama askari anayetoka kambini na kurudi. Tena, mama waliofahamu vizuri tabia na mahitaji ya watoto wao walikuwa na watoto wasiolialia sana. Mtoto aliye na hakika kwamba mama yupo ndiye athubutuye kwenda mbali. Basi kumchukua mtoto anapolia si kumharibu, na mama anayeondoka amwage, asimtoroke.

MKONO UNAOFIKA KILA MAHALI

Mkono ulioweza kushika kijiko waweza pia kushika kaa la moto. Katika nyumba yenye mafiga au jiko la makaa pawekwe kizuizi, na sufuria ya chai isiachwe ukingoni mwa meza wala juu ya mkeka. Mafuta ya taa yasitiwe katika chupa ya soda. Ndoo ya maji ifunikwe, kwa kuwa maji kidogo tu yaweza kumzamisha mtoto asiyeweza kuinua kichwa chake. Njugu nzima, punje za mahindi, vifungo na sarafu visiachwe chini.

Uchafu nao huingia kinywani kwa mkono huo huo. Ndiyo sababu kuhara huongezeka katika miezi hii, wakati ule ule meno yanapoanza kuota, na watu huyasingizia meno. Hapo mama hungoja jino litoke ili tumbo lipone, na mtoto hukaukiwa na maji mwilini mpaka akafa. Jino halileti kuhara kwa hatari. Wengine huwapeleka watoto kwa watu wanaochimba ufizi na kuyang'oa machipukizi ya meno, wakiyaita meno ya plastiki. Jambo hilo halitibu kitu. Huleta damu nyingi na maradhi ya kuambukiza, na limewaua watoto.

Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kupika, kabla ya kumlisha mtoto, na baada ya kumsafisha choo, maana choo cha mtoto kina vijidudu kama cha mtu mzima. Mahali pa kuchezea pasiwe na kinyesi cha kuku. Mtoto akihara, asinyimwe chakula wala ziwa. Aendelee kunyonya, apewe ile dawa ya unga ichanganywayo na maji safi iitwayo ORS, na vidonge vya zinki vinavyotolewa na dispensari, ambavyo humezwa kwa muda wa siku 10 mpaka 14 hata kama kuhara kumekoma. Akipona, aongezewe mlo mmoja kila siku kwa muda wa majuma mawili ili arudishe nguvu aliyopoteza.

Ziko dalili ambazo haziruhusu kungoja asubuhi: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, hutapika kila kitu, amepatwa na degedege, au amelegea hata haamki. Kadhalika mtoto wa kati ya miezi 2 na 12 anayekohoa, naye anavuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika moja, apelekwe hospitali upesi.

Safari za kliniki zisikatizwe. Katika mwezi wa 6 mtoto hupewa matone ya vitamini A, na katika mwezi wa 9 huchanjwa surua, kisha hurudia katika mwezi wa 18. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa katika sehemu za magharibi ya Kenya mwaka 2019, na katika mpango huo mtoto aliianza akiwa na miezi 6. Chandarua chenye dawa kitandikwe kila usiku, na kitabu cha kliniki kiletwe kila mwezi, maana mstari wa uzito husema kabla ya macho kuona.

KAZI YA BABA, NA YA WALIO MJINI

Mambo yote yaliyotajwa hayawezi kuachiwa mama peke yake. Mama anayelima, kuchota maji, kutafuta kuni na kupika hana saa ya kukaa mbele ya mtoto na kungoja afungue kinywa. Baba aweza kumshika mtoto jioni na kumlisha. Aweza kununua maini au omena kabla ya kununua kitu cha anasa. Aweza kusema na mtoto na kumpeleka kliniki. Hakuna hata moja katika hayo linalompunguzia mtu uume wake.

Mjini taabu ni ya namna nyingine. Sheria ya kazi ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 pamoja na mshahara wake, na baba majuma 2. Kwa hiyo mama hurudi kazini mtoto akiwa bado anategemea maziwa peke yake. Aweza kuyakamua maziwa na kuyaacha katika chombo safi kilichofunikwa. Mahali pa baridi ya kawaida hukaa saa 4. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yawataka waajiri watenge mahali ambapo mama aweza kunyonyesha au kukamua maziwa, na si kosa kwa mfanyakazi kuliuliza jambo hilo kwa heshima.

Mtoto huachwa kwa yaya, na pengine yaya ni msichana aliyefundishwa kufua na kupika, lakini hakuna aliyemwambia kwamba mtoto huhitaji kusemeshwa. Basi humweka mbele ya televisheni au humpa simu ya mkononi ili anyamaze. Mashauri yale ya mwaka 2019 husema kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja haifai kutazama vitu hivyo hata kidogo. Picha huenda mbio wala hazimjibu. Mama amfundishe yaya mambo matatu: uji mzito uliochanganywa, mkeka safi, na maneno. Tena amtendee yaya kwa wema, maana mtu aliyeonewa mchana kutwa hana furaha ya kumpa mtoto.

Kijitabu cha kliniki, kijiko, mkeka, na mtu wa kujibu: vitu hivyo havikosekani katika nyumba nyingi za mashambani wala za mijini. Mzazi mwenye mtoto wa miezi mitano au sita akitoka katika mazungumzo haya, yafaa afanye mambo mawili leo kabla ya jua kutua. Atazame mstari wa uzito katika kitabu cha mtoto, kama bado unapanda au umeanza kulala. Kisha achote uji wa mtoto kwa kijiko, akiinamishe, aone kama unakaa au unatiririka.